Gari la Bwana Mifugo na Siku ya Kwanza Uwanjani

Wanangu, juzi mlikuja nyumbani watatu na simu zenu, mkanionyesha magari yanayokata kona mpaka tairi mbili ziko hewani. Mkaniuliza: "Bibi Fundi, na sisi tukitaka kuingia uwanjani kiangazi hiki, tuongeze nini kwenye injini?" Niliwapa uji wa ulezi, nikawaambia mje siku nyingine. Sikuwa nawafukuza. Jibu lake ni refu, na mimi siku hizi nikisimulia nimesimama, magoti yanalalamika. Sasa nimekaa.

Injini iacheni kwanza. Injini mliyo nayo ina nguvu za kutosha kuwafikisha mahali msipotaka kufika.

Mwaka jana, mahindi yalipokwisha kuvunwa, alikuja kwangu Bwana Ambakisye. Ni bwana mifugo, mtu wa Mbeya, amekaa hapa Sumbawanga miaka mingi akichanja ng'ombe na kuku vijiji vyote hivi mpaka Kaoze. Ana gari dogo la bluu ambalo limekula vumbi la mkoa mzima. Vijana wa mjini walikuwa wamepata ruhusa ya kuutumia ule uwanja mdogo wa ndege wa zamani, upande wa Mwimbi, ambao haujatuliwa na ndege tangu watoto wangu wako shule ya msingi. Wangepanga matairi chakavu na mapipa kuonyesha kona, magari yaingie moja moja kwa kupimwa muda, mtu akimbize gari lake bila kumkosesha mtu barabara. Ingekuwa mara ya kwanza kwa kila mmoja wao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, najua umestaafu. Lakini nataka gari langu lipae."

"Likipaa, litatua wapi?"

Akacheka, mimi nikavaa ovaroli. Nilikuwa nimeikunja kabatini tangu nilipofunga gereji yangu, na nilipoivaa nikagundua kuwa ama imepungua, ama mimi nimeongezeka.

Kazi ya kwanza tuliyofanya ilikuwa kutoa vitu. Hapo mnakosea wengi. Mnanunua vibandiko, huku chini ya kiti kuna chupa ya maji inabingirika. Ukishika breki kwa nguvu, chupa ile inakuja mbele, inaingia chini ya pedeli, na pedeli haishuki tena. Mpaka hapo umebaki na sala tu. Basi tukatoa. Kwenye gari la Ambakisye tulitoa kamba za kufungia ndama, jozi mbili za mabuti ya mvua, boksi la kuwekea chanjo, mwavuli, nusu gunia la ulezi aliopewa na mkulima kwa shukrani, jeki, tairi la akiba, kapeti zote za sakafuni, na kiatu kimoja cha kike, chekundu.

Ambakisye alikishika kile kiatu kwa mikono miwili. "Mama, hiki ni cha mke wangu. Mwaka wa pili sasa anamlaumu mbwa wa jirani."

"Kampelekee leo leo. Na kwa jirani upite."

Gari likainuka vidole viwili kwa nyuma kwa kupunguziwa mzigo. Hiyo ni nguvu tuliyoipata bila kugusa injini.

Sasa niwaambie breki nilijifunza kwa nani. Sikuingia karakana ya misheni kama fundi. Niliajiriwa kuwapikia mafundi, binti wa miaka kumi na tisa kutoka Mwimbi, najua kupalilia mahindi na kusonga ugali, basi. Mkuu wa karakana alikuwa Fundi Alkwini, mzee mwembamba, mpole, anayeongea Kifipa na watu na Kiswahili na magari. Siku moja nikiwa jikoni nilimwambia, "Lile lori la jana silipendi, linakohoa kila pumzi ya nne." Akaacha kula. Akatoka, akafungua plagi, akarudi. Kesho yake akanipa spana, na ugali akaanza kusonga mwingine.

Fundi Alkwini alikuwa na desturi moja iliyotuchekesha. Kabla gari halijatoka karakana, alivua kiatu cha kulia, akaingia, akakanyaga breki kwa soksi. Alisema kiatu kinadanganya. Kwa soksi unasikia kama pedeli ni ngumu kama jiwe au laini kama andazi, unasikia kama inashuka polepole ukiishikilia. Niliicheka soksi yake ile yenye tundu kwenye kidole gumba, mpaka nilipoanza kuvua kiatu changu mwenyewe. Mpaka leo navua.

Lakini hata mwalimu mzuri hawezi kukuzuia kukosea. Mwaka wangu wa kwanza, Padre alikuwa anakwenda Ilemba, bondeni kule, nami nilikuwa nimebadilisha tairi za gari lake. Nilitaka kazi yangu ipendeze. Ringi nikazipaka rangi nyeupe, nene, mpaka kwenye matundu ambapo nati hukalia. Nati nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikaridhika. Tukaondoka, Padre kwenye usukani, mimi na Fundi Alkwini pembeni yake. Tumeanza kushuka ule mteremko, Padre akatazama kando, akasema kwa sauti ya kuungamisha: "Leokadia, lile tairi linalotutangulia ni la nani?"

Lilikuwa letu. Lilikuwa jeupe, linapendeza kweli, linashuka bonde kwa furaha. Kisha gari likainama upande wangu. Padre, Mungu amrehemu, aliliegemeza ukingoni taratibu kama anayelaza mtoto. Tairi tulilikuta shambani huko chini. Mama mmoja alikuwa amelikalia, anapumzika, na hakutaka kuamini kuwa lina wenyewe.

Fundi Alkwini hakunifokea. Alinionyesha pale kwenye matundu jinsi rangi ilivyopondeka na kuchubuka, ikaacha nafasi, nati zikalegea. Halafu akasema, "Sasa lisukume mpaka juu." Nililisukuma mpaka juu. Tangu siku hiyo, mahali pa kukalia nati napasugua pabaki chuma kitupu, nakaza kwa kuvuka, yaani nati hii kisha ile inayoitazama, na baada ya kilomita chache nasimama nakaza tena. Nyinyi mna spana za kisasa zinazolia zikifikia kipimo. Vizuri. Hata kwa hizo, simamisheni gari, mkaze mara ya pili.

Turudi kwa bwana mifugo. Nilipofungua kifuniko cha mafuta ya breki, yalikuwa meusi kama kahawa.

"Mama, hayo yapo mengi tu," akasema. "Nilikuwa nafikiria ekzosi. Nibadilishe, sauti iwe nene. Kazini wote wanakuja kutazama."

"Ekzosi baadaye. Kwanza hizi breki."

"Lakini breki hakuna atakayeziona!"

"Utaziona wewe, baba."

Akanuna kidogo. Nikamweleza, na nyinyi sikilizeni. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, mwaka hadi mwaka. Kwa safari za kwenda sokoni hutajua. Uwanjani, unashika breki kwa nguvu kona baada ya kona, breki zinawaka moto, ule unyevu ndani unachemka, unakuwa mapovu. Povu linabonyea. Unakanyaga, pedeli inazama hadi sakafuni, na gari linaendelea na safari yake.

Basi tukayamwaga ya zamani, tukaweka mapya, tukaanza kutoa hewa kwa mtindo wa kale: mmoja chini na spana, mwingine kwenye pedeli. Nilianzia gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi. "Kanyaga! Shikilia!" Nafungua skrubu ya hewa, mafuta yanatoka, nafunga. "Achia!" Tulikwenda vizuri mpaka gurudumu la tatu, ambapo Ambakisye alisikia "achia" nami nilikuwa nimesema "shikilia", kisha akasahihisha kosa kwa kukanyaga kama anaua nyoka. Mafuta yakaniruka usoni na kwenye rangi ya mlango wake. Nilimwagia mlango maji kabla ya kujifuta mimi, maana mafuta hayo yanakula rangi. Hapo ndipo aliponiamini.

Tukaweka pedi mpya za breki, tukazizoesha kwa kwenda na kushika breki taratibu mara nyingi barabarani. Mfuniko wa rejeta nikaubadilisha. Alishangaa, kwani ule wa zamani haukuwa na ufa. Nikamuuliza, "Mkeo akipika maharage hapa na akipika kwenu Kyela ziwani, wapi yanawahi kuiva?"

"Kyela," akasema. "Hapa yanasumbua."

"Kwa sababu huku juu maji yanachemka mapema, kabla hayajapata moto wa kutosha. Rejeta yako nayo ni sufuria. Mfuniko ndio unaozuia maji yasichemke haraka. Springi yake ikichoka, uwanjani utapika."

Zilibaki tairi. Zake zilikuwa nyembamba, zimekwisha mbele. Rafiki yake akamwazima mbili pana, nzuri, na ringi zake. Nilizifunga mwenyewe, nikazungusha kwa mkono, nikanyonga usukani kulia mpaka mwisho, nikachungulia. Hakuna kinachogusa. Nikafuta mikono. Nilijisikia kama nina miaka thelathini.

Siku yenyewe upepo wa Ufipa ulikuwa unachoma masikio. Watu walikuja na makoti na chupa za chai. Yalikuwa magari kumi, na kila moja lilipaswa kukaguliwa kabla ya kuingia. Mkaguzi alikuwa Gaudensia.

Gaudensia ni fundi niliyemfundisha mimi. Nilimpokea ametoka shule, leo ana gereji yake mwenyewe na kile kifaa cha kuchomeka chini ya usukani ambacho kinakuambia ugonjwa wa injini kwa maandishi. Mara ya kwanza alipokitumia mbele yangu nilinuna. Nikamwambia injini hii inakosa moto kwenye silinda ya pili, mimi nimesikia kwa sikio. Akanigeuzia kioo: silinda ya pili. Tukacheka wote. Nikamwomba anifundishe kukitumia, na yeye ni mwalimu mwenye subira kuliko nilivyokuwa mimi.

Alikagua gari la kwanza, la Pius, yule mwenye mashine ya kusaga. Likapita, Pius akaingia, akazunguka mizunguko yake minne akiwa ametoa macho kama mbuzi aliyeona chui. Akatoka anacheka. Zamu ya Ambakisye ikafika. Watu wa ofisini kwake walianza kupiga makofi kabla hata boneti haijafunguliwa.

Gaudensia alilala chini na tochi yake. Akanyonga usukani kulia. Akanyonga kushoto. Akasogeza tochi karibu. Kisha akanyanyuka, akanisogelea, akaninong'oneza:

"Mama, njoo utazame."

Nilipiga magoti. Usukani ukiwa kushoto mpaka mwisho, lile tairi pana lilikuwa linalala juu ya bomba la mpira linalopeleka mafuta ya breki. Njiani kuja kutoka mjini lilikuwa limeshaanza kulisugua. Kulikuwa na alama inayong'aa, upana wa ukucha. Mimi nilikuwa nimetazama kulia tu.

Gaudensia alikuwa ameshika kalamu, hanitazami. "Mama, niandike nini?"

Wanangu, wakati ule ulinipima. Miaka yote ile ya kazi, wanawake wa mjini wakiniletea binti zao wanione, na sasa watu wanatazama, na fundi niliyemfundisha mwenyewe yuko tayari kunisitiri kwa heshima. Nikilikubali gari, pengine lingezunguka mara nne na lisikatike. Pengine. Lakini nilishaiona ile alama. Nikajua nikinyamaza, sitakuwa tena fundi, nitakuwa bibi mmoja aliyewahi kushika spana.

Nikasimama, nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Andika haliendi. Na andika kosa ni la Leokadia, siyo la dereva."

Ambakisye alikuja, kofia ngumu mkononi, uso umeanguka. "Mama, si tulifanya wote? Wiki mbili?"

"Tulifanya wote, baba. Lakini usukani nilinyonga mimi, upande mmoja. Nisamehe."

Alichuchumaa, akalitazama lile bomba, akaligusa kwa kidole. Tairi zake nyembamba zilikuwa nyumbani kwangu, mwendo wa saa nzima, na shughuli ingekwisha kabla hatujarudi. Mimi nilitamani ardhi ya pale ipasuke, na ni ngumu ile, haipasuki.

Aliyetuokoa ni Pius. Alikuwa bado anatweta kwa ile mizunguko yake. "Mshikaji wangu, gari lako ringi zake matundu mangapi?"

"Manne."

"Hata langu. Mimi nimeshamaliza. Chukua za mbele."

Tukasubiri zipoe, kwa sababu gari lililotoka kukimbia halishikwi shikwi ovyo, na hendibreki haivutwi breki zikiwa zinawaka, linawekewa jiwe tu. Tairi za Pius zilikuwa nyembamba, saizi ileile ya zile za Ambakisye. Tukazifunga. Lile bomba lililosuguliwa tukaliondoa kabisa, kwa kuwa Gaudensia, binti mwenye akili, alikuja na bomba jipya la akiba kwenye boksi lake. Tukatoa hewa tena, safari hii Gaudensia ndiye aliyekanyaga, na sikurukiwa na tone. Usukani kulia, usukani kushoto. Nikavua kiatu, nikaingia, nikakanyaga kwa soksi. Pedeli ilikuwa jiwe. Ambakisye akazunguka taratibu kidogo, akarudi, tukakaza nati mara ya pili. Gaudensia akaandika: linakwenda.

Mzunguko wa kwanza alikwenda kama anapeleka mgonjwa. Wa pili akaanza kujua kona. Wa tatu lile gari la bluu nikalisikia linaimba, silinda zote nne, nikajikuta nakunja ngumi. Aliingia mstari mrefu akiwa amekanyaga mafuta hadi mwisho. Hapo ndipo ndama alipotokea. Alikuwa amejipenyeza upande wa nyasi, ambako kamba ya uzio ilikuwa imelegea. Akatembea hadi katikati ya njia, akasimama, akatazama gari linalokuja.

Mtu mmoja akapiga kelele. Mimi nilishika kilemba.

Gari likainama pua. Tairi zikalia, vumbi likapanda, hatukuona kitu. Vumbi lilipotulia, gari lilikuwa limesimama, limenyooka, na mbele yake kama hatua nne ndama anatafuna. Ambakisye akafungua mlango, akavua kofia ngumu, akatembea mpaka kwa ndama. Sote tulidhani atamfukuza. Akamshika sikio, akalitazama kwa ndani, akageuka kwa watu na kupaza sauti:

"Huyu hajachanjwa! Mwenye ndama yuko wapi?"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Nami nilicheka, lakini nilienda nyuma ya gari la Pius, nikakaa kwenye pipa, nikalia kidogo. Gaudensia alinifuata, akakaa pembeni yangu. Ningenyamaza pale mwanzo, lile bomba ndilo lingekuwa linashikilia ile breki. Yeye alijua, nami nilijua.

"Asante kwa kuniita nitazame," nikamwambia.

"Nilikuwa naogopa, mama."

"Hata mimi. Kesho tena ukiogopa, niite tu."

Kamba ikakazwa, mwenye ndama akapatikana, magari mengine yakaingia na kutoka salama. Jua lilipoanza kushuka Ambakisye alikuja na ufunguo mkononi. "Zamu yako."

Nikamwambia aache mzaha. Miaka yote nimeendesha magari ya watu kuyajaribu, polepole, nikisikiliza. Kukimbiza, sijawahi hata siku moja. Kila mara gari lilikuwa la mtu mwingine, na akili yangu ilikuwa kwenye chuma. Lakini walishanizunguka. Mtu akanifunga kofia ngumu juu ya kilemba, mkanda ukakazwa, nikavua kiatu, wakacheka, nikaondoka.

Siwaelezi ilikuwaje. Mkiingia mtajua wenyewe. Nasema tu kwamba kona ya pili nilipiga kigelegele peke yangu ndani ya gari.

Nilipovuka mstari, Gaudensia aliinama dirishani na karatasi yake, anajitahidi asicheke.

"Mama, umekuwa wa mwisho."

"Kati ya wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Haya, sogea mwanangu," nikamwambia, nikaingiza gia ya kwanza, "nisije nikakukanyaga vidole."